Mkono Uliotia Tambi

Tambi zilikuwa zimeshatiwa.

Fundi vitasa alisimama jikoni, koti bado mwilini, mfuniko wa jungu la umeme mkononi. Mvuke ulimpanda usoni. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alitia kuku, karoti, kitunguu na maji, akawasha moto mdogo wa kupika kutwa nzima, akatoka. Tambi hakutia. Tambi hutiwa mwishoni, la sivyo zinageuka uji. Pakiti aliiacha kabatini.

Sasa zilikuwa ndani ya supu, zimevunjwa vipande vifupi, zimeiva vizuri, na juu yake imekamuliwa ndimu. Supu ya mkewe ilikuwa hivyohivyo. Na mkewe alizikwa kabla mvua hazijaanza.

Mara ya kwanza kuzikuta alikaa sakafuni. Mara ya pili alilia. Siku hizi alikuwa akipakua mabakuli mawili, moja analiweka upande wa pili wa meza, anakula taratibu huku akilitazama likipoa. Alijua mtu akimwona atasema amerukwa na akili, wala hakujali.

Zamani hakujua kupika kitu. Upande wa mkewe walimtania kwamba huyu bwana hata maji anayaunguza. Baada ya mazishi waliamini anakula mgahawani, naye akawaacha waamini hivyo. Aliona haya kusema kwamba kila alfajiri anamenya karoti kwa kisu cha marehemu, akiikumbuka sauti yake: "Ukishafunika usifunue. Ukifunua tu, umefukuza moto wote."

Mama mkwe alikaa ng'ambo ya barabara, ghorofani, juu ya duka la rangi. Tangu mazishi hakuwahi kubisha hodi. Wakikutana njiani aliitikia salamu, akainamisha macho, akapita. Fundi alimwelewa. Alikabidhiwa binti mzima, akarudisha maiti.

Mtu pekee aliyeambiwa habari za tambi ni mdogo wake.

"Kaka, si wewe ndiye fundi vitasa?" mdogo wake alimwuliza. "Mtu anaingia nyumbani kwako. Badilisha kitasa, yaishe."

"Kitasa hakijachokonolewa. Kimefunguliwa kwa ufunguo."

"Ufunguo wa nani?"

Ufunguo mwingine ulikuwa wa marehemu. Ulikaa kwenye mkoba wake, na tangu siku ile ya hospitali haukuonekana tena. Riziki yake yote ilikuwa kujua mlango umefunguliwaje, lakini kwa mlango huu mmoja hakutaka kujua.

"Nikibadilisha," alisema fundi, "ataingiaje?"

Mdogo wake alishusha pumzi. "Basi kesho usiende kazini. Jifiche, uone mwenyewe. Ukimwona shemeji, mimi sifungui tena mdomo. Usipomwona, unafunga mizigo unahamia kwangu. Huko unakokwenda siko, kaka."

Fundi alikubali, kisha akajuta papo hapo. Aliogopa asimwone. Aliogopa zaidi amwone, halafu asije tena.

Kesho yake alibandika jungu kama kawaida. Alitoka na mkoba wa kazi, akazunguka uchochoroni, akarudi kwa mlango wa nyuma. Aliingia chumbani, akausindika mlango ukabaki na upenyo, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mkewe. Harufu ya kuku ilianza kidogokidogo, hadi mchana ikawa imejaa nyumba nzima. Ilikuwa harufu ya jioni zao zote, naye aliivuta akiwa amefumba macho.

Alasiri, ufunguo ulizunguka kitasani bila kusitasita.

Alisikia hatua za mtu aliyechoka kidogo, hatua za mtu anayejua kiti kilipo na meza ilipo hata gizani. Kabati likafunguliwa. Kisha tambi zikavunjwa, ka, ka, ka, sauti ambayo hakuwahi kuisikia hata siku moja, maana miaka yote ya ndoa yao alirudi supu ikiwa tayari mezani.

Alishindwa kuvumilia. Aliinuka, na kitanda kikapiga kelele.

Jikoni kukawa kimya.

Fundi aliweka jicho kwenye upenyo. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jungu, mkoba wa marehemu kwapani, kitambaa chake cha jikoni begani, kipande cha ndimu mkononi.

Kumbe ni mtu wa damu na nyama. Kumbe bakuli lile la pili alikuwa akiliwekea hewa. Alifungua mdomo amwite mama, amwombe radhi, amwambie aketi wale pamoja, lakini akatanguliwa.

Mama mkwe hakushtuka. Aliutazama mlango wa chumba, machozi yakimtoka, na midomo yake ilikuwa ikitabasamu.

"Ni wewe, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nimekusikia. Usitoke, mwanangu. Nikikuona sitaweza kurudi kwangu."

Alikamua ndimu, akafunika jungu, akakitundika kitambaa pale pale kilipokuwa.

"Mumeo hata maji anayaunguza, na mpaka leo hajui kwamba tambi huwa natia mimi. Tusimwambie," alisema. "Wewe kesho nibandikie tu kuku, kama siku zote."