Wabia wa Mgwashi

Valentino alilala chali chini ya mtambo wa gongo, akatoa kichwa kilichojaa masizi, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada Secilia, bomba umelifunga kinyume! Mvuke wote unapaa. Hapa Mgwashi mnawalevya ndege tu."

Secilia, mwenye nyumba, aliinamisha uso. "Ndiyo kwanza naanza, bwana mhandisi."

Na kweli Valentino alikuwa mhandisi. Alifunga mashine za kupasulia mbao kule Shume mpaka akachoshwa na vumbi. Akaenda masomoni, akarudi mtafiti, akawa anakuza chachu kwenye vichupa vya maabara. Navyo vikamchosha. Sasa, Azimio la Arusha likiwa bado bichi na redio ikilaani mabepari asubuhi na jioni, yeye alizunguka milimani akiwapa mtaji wapika gongo hodari, wagawane faida.

"Huu si ubepari," alisema, akiligeuza bomba lipite kwenye maji baridi. "Ni kujitegemea kwa watu wawili."

Alionja togwa la matunda ya plamsi lililokuwa likisubiri kupikwa, akatema. "Chachu imekufa. Uliichemsha?"

"Kidogo."

"Mungu wangu! Nitakuletea niliyoikuza mwenyewe. Ile ikiamka, hata mchungaji atacheza. Na mtambo huu uliupata wapi?"

"Mazinde. Mwenyewe hauhitaji tena."

"Marehemu?"

"Hapana. Amehamishwa."

Secilia alimmiminia chai, akaketi karibu. "Mimi ni mwanamke peke yangu. Nitajuaje kwamba mtaji wako si maneno matupu? Umeshawasaidia akina nani?"

Valentino alivimba kifua. Shume walimwita fundi, maabarani walimwita kijana. Leo ndipo alipopata mtu wa kumuuliza habari za kazi yake kwa heshima. Akawataja wote: mjane wa Bumbuli, mzee wa kanisa anayeficha mapipa nyuma ya kinanda, dereva anayeteremsha mzigo barabarani. Secilia aliyarudia majina polepole, kama anayejifunza sala.

"Basi tumekuwa wabia," Valentino alisema, akinyoosha mkono.

"Tumekuwa." Secilia aliushika, hakuuachia.

Mlango wa uani ukafunguliwa, wakaingia wanaume wawili wenye makoti ya mvua.

"Wateja hao!" Valentino alichangamka. "Karibuni, karibuni!"

Wanaume wale wakabana visigino mbele ya Secilia, wakampigia saluti.