Kiganja cha Brenda

Mzee Tajeu hakuwa na meno manne ya mbele. Hakuwa na taya zima. Madaktari walikuwa wamelifunga kwa waya. Hakuwa na sauti, ila mguno. Hakuwa na usingizi, wala jicho la kushoto la kutazamia dari ya wodi. Jumamosi, alipoteremka kutoka Olmotonyi kwenda Arusha mjini, vyote hivyo alikuwa navyo. Siku ile alikosa kitu kimoja tu: pesa ya kumwachia mhudumu.

Alikuwa amekula nyama choma na ndizi mgahawani, akashiba, akalipa. Mhudumu, binti aitwaye Brenda, akaleta chenji kwenye kisahani na kuiweka mezani. Kisha hakuondoka.

Chenji yenyewe ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Mzee akanyoosha mkono aichukue.

"Babu, unabeba yote?" Brenda akauliza, kwa sauti ya kufika meza ya tatu. "Hata ya maji huachi?"

"Ni nauli, mjukuu wangu."

"Mh! Wageni wa safari wanatuachia. Wazee wetu wenyewe wanafagia mpaka kisahani."

Watu wakacheka. Vijana wa meza ya jirani wakapiga makofi. "Mwachie, babu! Huyo ana njaa ya watu wawili," akasema mmoja, maana aproni ya Brenda ilikuwa imeanza kuinuliwa na mimba.

Brenda naye akacheka. Akafungua kiganja chini ya kidevu cha mzee, akakiacha hapo.

Mzee Tajeu akainuka polepole. Akakishika kile kiganja kwa mikono miwili, akakitemea mate. Akasema maneno machache ya Kiarusha, chini chini.

Brenda akapiga yowe.

Dismasi, mchoma nyama, ndiye aliyekuwa mwenye ile mimba. Alikuja na ubao wa kukatia, mzito, bado unachuruzika mafuta. Pigo la kwanza lilivunja taya, meno yakaingia kwenye kachumbari. La pili lilipata jicho. Mzee akaanguka pamoja na meza, na Dismasi akamfuata chini kwa mateke.

"Unamtemea mke wangu? Kwa sababu ya chenji ya buku?"

Vijana waliokuwa wakicheka wakamrukia kumvuta. Mmoja wao akavunjwa mkono kwa ubao uleule. Polisi walipofika, damu ilikuwa imekwisha kufika mlangoni.

Aliyekwenda kituoni kueleza ni Mzee Kasaine, jirani wa Tajeu na mtu wa rika lake.

"Nyinyi watoto mmelelewa wapi?" aliwauliza Brenda na Dismasi. "Kwetu sisi mzee akimpenda mtoto anamtemea mate. Bibi harusi tunamtemea. Kichanga tunakitemea. Mzee akibariki, watu wanaitikia, 'Naai.' Yule hakuwa na hela, akatoa alichokuwa nacho. Na nyinyi mkamvunja taya!"

Wote wawili walikuwa wametoka Mwanza, hawakujua. Dismasi alipoambiwa, alijigonga kichwa kwenye ukuta wa mahabusu mpaka askari wawili wakamlalia.

Hakimu akasema atangoja neno la mzee. Akisamehe, kijana atalipa faini na kurudi kulea mtoto wake. Asiposamehe, ni miaka mingi gerezani.

Brenda alikwenda hospitali na chupa ya uji. Namnyaki, binti wa mzee, alimzuia mlangoni kwa kifua.

"Umefuata chenji?"

"Dada, naomba nimwone tu."

Namnyaki akampisha. Brenda akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, babu."

Mzee akamtazama kwa jicho moja.

"Nisamehe, babu. Nilikuaibisha mbele za watu. Halafu nikadhani ni matusi." Akafungua kiganja kile kile. "Tangu waliponieleza, kila asubuhi nakiweka hapa." Akakilaza tumboni. "Namwambia mtoto, wewe umebarikiwa na mzee. Msamehe baba yake, babu. Azaliwe amkute."

Namnyaki akageukia dirisha, akajifuta macho. "Baba," alisema, "andika. Yaishe."

Mzee akaomba kalamu kwa ishara. Kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na mwandiko wake aliuonea fahari. Aliandika taratibu, bila kufuta neno. Alipomaliza, akampa binti yake asome kwa sauti.

"Mheshimiwa Hakimu. Sikuwa na pesa, nikatoa baraka. Nimelipwa kwa ubao. Sisamehe. Sheria ifuate mkondo wake. Ni mimi, Tajeu."

"Baba!"

Brenda hakulia. Alibaki magotini, kiganja tumboni, kama mtu aliyesahau mlango uko wapi.

Mzee akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Namnyaki alikataa kuilamba. Ulimi wa mzee nao haukuweza kupita kwenye waya. Basi akalowesha kidole kwa mate yaliyokuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo, akakipitisha kwenye gundi huku akimkazia Brenda jicho lake moja. Na kupitia kwenye waya yakapenya, chini chini, maneno yale yale ya Jumamosi.

Brenda akayatambua. Uso ukamng'aa.

"Naai," akaitikia, kama alivyofundishwa.

Mle wodini, mbali na mzee, aliyejua Kiarusha alikuwa Namnyaki peke yake. Yeye alisikia: *Hicho ulichobeba kioze humo humo.*

Mzee akaibana bahasha kwa kiganja, akampa binti yake aipeleke kwa hakimu.