Ukuta wa Nyuma

Nyundo ya nne ndiyo iliyopitisha jua. Wanawake watano waliacha cherehani zao wakakodoa macho, na vumbi la matofali likatua juu ya sare za shule walizokuwa wakishona.

"Sindano, umerukwa na akili?" mshona vifungo aliuliza.

Walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Alikuwa na miezi miwili tu pale kazini, na tayari alishagombana na kila mwenye cheo, yaani bosi peke yake.

"Akili ninayo, shoga. Ninachokosa ni mlango."

Alisema kweli. Wao walishonea chumba cha nyuma, na njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kupitia chumba cha mbele. Huko bosi alichaji betri za pikipiki za umeme, kama thelathini hivi, zimepangwa hadi kizingitini. Mbili zilikuwa zimevimba. Sindano aliomba zihamishiwe uani, akaambiwa ashone. Akaomba mlango wa nyuma, akaambiwa ashone. Siku hiyo alikuja na nyundo.

Bosi alipoliona tundu, ambalo sasa lilitosha kupitisha mtu, alipandwa na mori. "Hapa si mmewafungulia wezi?"

"Afadhali wao waingie kuliko sisi tushindwe kutoka."

"Mtungi wa kuzimia moto huo hapo ukutani, huuoni?"

"Ule wa unga? Unalaza miali tu, bosi. Betri joto lake liko ndani, itawaka tena. Inataka maji, tena mengi, tena ikiwa nje."

"Wewe fundi cherehani au zimamoto? Kesho nataka ukuta wangu. Mwashi utamtafuta mwenyewe, utamlipa mwenyewe. La sivyo, wote sita mkatafute kazi kwingine."

Sindano aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akainamisha kichwa. "Sawa, bosi."

Mshona vifungo aliumia kwelikweli. Alishasimama ili amuunge mkono, ikabidi akae tena kama mtu aliyekosea kiti. Maneno yote yale, kumbe mikwara mitupu!

Mwashi alifika kesho yake, mtu mpole asiye na maneno mengi, kaptula imetapakaa chokaa. Alipanga matofali asubuhi nzima, mchana akapiga plasta laini kama karatasi. Bosi alipitisha kiganja akatabasamu.

"Hii ndiyo kazi. Jifunzeni."

Sindano alishona bila kuinua macho. Wiki ikaisha hakuna mwenzake aliyemsemesha.

Jumatatu bosi alikuwa huko nyuma akikagua sare, mara ukasikika mlio kama wa soda inayofunguliwa, kisha kishindo. Moshi mweupe ukajipenyeza chini ya pazia la mlangoni. Bosi akanyakua mtungi, akapuliza unga mpaka miali ikalala, akawageukia kwa majivuno.

"Mmeona?"

Nyuma yake moto uliamka upya, safari hii betri nne kwa mpigo. Mlango haukuonekana tena.

Walikuwa watu saba ndani ya chumba kimoja. Bosi alianza kulia kwa sauti. Mshona vifungo alimuwaza mama yake, akaogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa. Sindano hakulia wala hakuomba. Alirudi hatua tano, akaukimbilia ukuta mpya na kujitupa kwa bega lake jembamba.

Matofali yakaporomoka yote.

Uani, wote saba wakiwa wamekaa chini wakikohoa, bosi aliokota tofali akaligeuza huku na huku. Halikuwa na chembe ya saruji. Chini ya plasta kulikuwa na udongo mkavu tu.

"Tapeli mkubwa!" alifoka. "Huyo mwashi nitamshtaki! Anaishi wapi?"

Sindano alijifuta masizi usoni.

"Kwangu," alisema. "Ni baba wa watoto wangu."