Mwandiko wa Elifuraha

Mwezi wa tatu wa karantini, daktari wa kambi aliwagawia askari fomu za maswali ishirini na moja, ili kupima msongo, hofu na sonona. Fomu hazikuwa na majina. Nambua, karani wa zahanati iliyo nje ya uzio wa kambi, alipewa kazi ya kujumlisha alama.

Fomu moja aliitambua kwa mwandiko. Ilikuwa ya mumewe, Koplo Elifuraha, aliyekuwa akilala bwenini tangu ugonjwa uingie. Kila jioni walizungumza kwenye uzio wa kambi, na kila jioni alimwambia yuko sawa. Lakini kwenye fomu alama zilikuwa za juu kabisa, na chini aliandika: "Naogopa kulala. Asante daktari kwa kuniuliza."

Nambua alirudia kuisoma shukrani ile mara nyingi. Daktari alikuwa mwanamke, mgeni wa miezi miwili tu. Kwa wivu, alitamani kuichana ile karatasi. Badala yake aliipeleka mwenyewe kwa daktari.

"Hii ni ya mume wangu," alisema bila kumtazama.

"Nitamwita kesho asubuhi," daktari alijibu.

Jioni Elifuraha alifika kwenye uzio, barakoa usoni. "Niko sawa, Mama Neema," alianza.

"Sijauliza hilo," Nambua alisema. "Unalala?"

Elifuraha alishika waya kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nambua akavuta tofali, akaketi, akasubiri.