Doa la Bi Shufaa

Mama mkwe wangu, Bi Shufaa, alikuwa na tabia ya kutema mate ya tambuu ukutani, hapo hapo sebuleni. Uchafu mtupu. Siku mashine ya Idara ya Nyumba za Waasisi ilipokuja kuisoma nyumba hii, iliyojengwa na mababu zake walioanzisha mji, ili ihifadhiwe vilevile ilivyo, ililisoma na lile doa. Na kilichosomwa hakifutwi. Kikififia, wenye nyumba hukirudisha.

Bi Shufaa ameshakufa, na doa limefifia.

"Sasa ni wewe, Bi Salha," alisema afisa wa Idara, Bwana Mbarak, mashine yake mkononi. "La sivyo mtahamishwa."

Mume wangu alinikunjia tambuu mwenyewe, chokaa na popoo ndani, bila kunitazama usoni. Nikatafuna. Mdomo ulipojaa maji mekundu nikayakumbuka meno ya yule bibi, na badala ya kutema nikatapika. Chai, mandazi, vyote ukutani.

Nikakimbilia tambara.

"Usiguse!" Bwana Mbarak alinidaka mkono. Mashine ilikuwa imeshawaka taa ya kijani: matapishi yameshasomwa. Akaitazama, akatabasamu.

"Asubuhi ulikunywa chai ya maziwa au ya rangi? Mwakani usije ukakosea."