Mlango wa Bafu Katika Kasha la Mzee Mbaruku

Kila mtu nyumbani alikuwa na kasha lake, yaani sehemu yake iliyotengwa, ndani ya kompyuta ya Linux iliyoendesha nyumba, ila vifaa kama taa na milango vilisimamiwa na mfumo mkuu wa nyumba yenyewe. Mzee Mbaruku, aliyejisomesha kwa madarasa ya jioni, hakukubali kugawiwa taa kama mtoto. Akawasha huduma ya kusimamia vifaa ndani ya kasha lake. Ikavitwaa vyote vya nyumba nzima, kila kimoja kikawa kinamsikiliza yeye tu.

"Baba," akaita Zuleha, mke wa mwanawe, kutoka bafuni, "mlango unasema nikuombe wewe ruhusa ya kutoka."

Mzee akatamani ardhi ipasuke immeze. "Mfungulie!" akauamuru mlango, akajifunika uso kwa viganja.

Akajaribu kuizima huduma, ikakataa. Nyayo zenye maji zikapita mbio ukumbini, kisha mlango wa chumba cha mwanawe ukamuuliza kwa adabu:

"Mzee, mkweo yuko hapa na khanga moja. Aingie?"