Mukwe Mbele ya Pazia

Chishimba alisikia kitu kizito kikianguka katika bafu ya mabati. Maji ya kuoga yakapita chini ya pazia mpaka miguuni pake, nayo yalikuwa mekundu.

"Mama?"

"Usiingie, mukwe. Bati imenipasula paja. Nimefinya kidonda na mikono mbili. Ita mwanamuke."

Alikimbia mpaka barabarani, akarudi akihema. Mke wake na majirani wote walikuwa wamekwenda kwenye kilio.

"Hakuna mwanamuke, mama. Niingie?"

"Miaka ine unakula bukari bwangu, haujaona hata uso yangu. Leo utaanza na paja?"

Angecheka, lakini sauti ile ilikuwa imeanza kulegea. Miaka minne hapa Ruashi, katika lupango, ua wa wakwe zake, amekuwa akigeuza kichwa kila mama mkwe anapopita, kwa maana wazee hawajamfanyia karamu ya kumruhusu amtazame. Kumwona kabla ya hapo ni kumvua heshima mbele ya ukoo mzima.

"Mama, damu inazidi."

"Ngojea banamuke."

Maji yalikuwa yamekwisha. Kilichopita sasa chini ya pazia kilikuwa kizito, kikienda polepole kama mafuta ya mawese, kikizunguka kidole gumba cha mguu wake.

Akafumba macho, akavuta pazia, akaingia akipapasa. Mikono ikakuta bati tupu. Akafumbua.

Mama mkwe alikuwa ameketi chini, kwenye kona. Alipomwona, aliachilia kidonda, akajifunika uso kwa mikono yote miwili.